Mtoto wa Baraka achapa upya kibao cha mashine ya zamani Marekani, kisha cha baba yake

Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, kuna fundi mmoja wa mabango aliyezaliwa Baraka, teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini. Watu wa Baraka wenye umri wa kutosha watamkumbuka baba yake, fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda karibu na soko kabla ya vita vya 1996. Jina la familia halitatajwa hapa, kwa ombi lao wenyewe. Kilichotokea kwa huyo fundi katika miezi michache iliyopita kinastahili kusimuliwa, hasa kwa familia zilizohama na kuacha vitu nyuma bila hata picha.

Aliondoka Baraka akiwa na miaka kumi na mmoja. Alivuka ziwa Tanganyika usiku pamoja na mama yake na wadogo zake, wakafika Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1996. Huko ndiko alikojifunza kuandika herufi. Alianza kwa kuandika majina ya vinyozi kwenye mbao za maboksi, kisha vibao vya wachaji simu, kisha vibao vya makanisa. Hakuwa na rula, alitumia uzi uliopakwa mkaa. Mwaka 2016, ambao Wakongomani walikuwa wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote walioingia Marekani, jina lake nalo lilitoka. Leo anafanya kazi katika karakana ndogo ya kuchapa mabango, stikeri za magari na vibao vya maduka.

Siku moja mzee mmoja wa Kimarekani aliingia pale akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo. Alikuwa tayari amekwenda karakana nyingine mbili, na zote zilikuwa zimemkatalia. Ndani ya taulo kulikuwa na kipande cha pleksi chenye urefu wa karibu sentimita 60, kimepasuka kona ya chini kulia, na rangi zake zinabanduka kama magamba ya samaki aliyekaa juani. Kilikuwa kibao cha juu cha mashine ya mchezo inayoitwa Donkey Kong.

Kwa wale ambao hawajaziona, mashine hizi ni makabati ya mbao yenye urefu wa mtu mzima. Ndani mna televisheni, mbele kuna fimbo ndogo ya kuongoza na kitufe, na chini kuna tundu la kutia sarafu. Kabla ya watu kuwa na michezo ndani ya simu, zilisimama kwenye baa, kwenye maduka ya piza na kwenye kumbi maalumu, Japani, Marekani na Ulaya. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, Pac-Man mwaka 1980, na Donkey Kong mwaka 1981. Juu kabisa ya kila kabati kuna kibao kinachowaka kwa ndani. Nyuma yake hukaa taa ya neoni, na mwanga hupita katika picha. Ukumbi ulikuwa na giza na mashine nyingi zilipiga kelele pamoja, kwa hiyo kibao ndicho kilichomwita mtu kutoka mlangoni. Ni kazi ileile ya kibao cha duka kwetu, isipokuwa hiki kinafanya kazi usiku.

Fundi wetu alipoliona jina hilo mara ya kwanza alidhani lina uhusiano na Kongo. Hapana. Mchoraji wa mchezo huo, Mjapani Shigeru Miyamoto, alitumia neno Kong kwa maana ya nyani mkubwa, na neno la Kiingereza la punda alilichukua kumaanisha mkaidi au mjinga. Mtu aliyekulia Kivu, ambako kuna gorila wa kweli katika msitu wa Kahuzi-Biega, anaweza kuona ajabu kwamba gorila amefanywa mtupa mapipa. Mzee wa Kimarekani alicheka aliposikia hivyo.

Lakini kuna jambo moja katika historia ya mashine hiyo lililomfanya fundi aache kucheka na kusikiliza. Kabla ya Donkey Kong, Nintendo ilipeleka Marekani mashine kama 3,000 za mchezo mwingine ulioitwa Radar Scope. Hazikupendwa. Kama 2,000 zilibaki katika bohari karibu na Seattle, bila mnunuzi. Badala ya kuzitupa, kampuni iliagiza mchezo mpya utakaoingia katika makabati yaleyale. Minoru Arakawa, aliyekuwa mkuu wa Nintendo kule Marekani, pamoja na mke wake na wafanyakazi wachache, walizifungua mashine moja baada ya nyingine kwa mikono yao. Walibadilisha vifaa vya ndani, wakabandika picha mpya, wakaondoa kibao cha Radar Scope na kuweka cha Donkey Kong. Kabati lilibaki lile lile. Likawa na jina jingine, na watu wakaanza kupanga foleni.

Mtu aliyekaa miaka ishirini katika kambi anaelewa habari ya kukaa boharini.

Mashine ya mzee huyu ilikuwa ya marehemu kaka yake. Wawili hao waliicheza wakiwa vijana katika ukumbi mmoja wa mji wao, na ukumbi ulipofungwa yule kaka aliinunua akaiweka nyumbani. Alipofariki, mashine ilikaa miaka kadhaa katika gereji yenye unyevunyevu. Siku ya kuihamisha ilianguka, kibao kikapasuka. Mzee alikuwa amekwisha kutengeneza televisheni na nyaya. Kilichobaki ni kibao. Watoto wa marehemu walikuwa wanakuja kwa kumbukumbu ya kaka huyo, na alitaka waikute mashine ikiwaka kama baba yao alivyoiacha.

Kwa nini karakana mbili zilikataa? Moja ilisema picha ni mali ya kampuni na haitaki matatizo. Nyingine ilisema kazi ni ndogo mno na rangi zake ni ngumu. Sababu zote mbili ni za kweli. Bosi wa fundi wetu alikubali kwa masharti matatu: nakala iwe moja tu, iwe ya mashine ambayo tayari ilikuwa na kibao hicho, na nyuma yake iandikwe wazi kwamba ni nakala, pamoja na mwaka wa kuchapwa. Sharti la tatu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Vibao vya asili vina bei kubwa kwa wakusanyaji, na nakala nzuri isiyo na alama inaweza kuuzwa siku moja kama ya asili na mtu asiye mwaminifu.

Kazi ilianza kwa kutogusa. Katika vibao vya namna hii rangi zilichapwa upande wa nyuma wa pleksi, kwa serigrafi, ile njia inayotumika hata kwetu kuchapa fulana za kampeni: fremu yenye kitambaa, rangi moja kwa fremu moja, moja juu ya nyingine. Kwa miaka mingi joto la neoni limeikausha rangi ile. Ukiifuta kwa maji au kwa spiriti ili uione vizuri, unaondoka na nusu ya picha kwenye kitambaa. Fundi alikilaza kibao uso chini juu ya skana, ili skana isome picha kupitia pleksi, na upande wenye rangi usiguswe na chochote. Skana yake ni ya ukubwa wa karatasi ya kawaida, kwa hiyo alisoma vipande vipande, kila kipande kikiingia kidogo katika mwenzake, kwa nukta 600 kwa kila inchi. Kandokando aliweka rula ya chuma. Baadaye aliviunganisha vipande katika kompyuta na kuhakikisha rula inasoma sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mteja alidhani baada ya hapo ni kubonyeza kitufe tu na picha inatoka. Lakini ukichapa skana ilivyo, unachapa pia kila ufa, kila vumbi na kila mahali rangi ilipobanduka. Inakuwa picha ya kitu kilichochakaa. Fundi ilimbidi achore kila herufi na kila umbo upya kwa njia ya vekta, yaani mistari ambayo kompyuta inaihesabu na ambayo haipotezi ukali hata ukiikuza. Alifanya hivyo jioni nne baada ya saa za kazi. Anasema kuchora herufi za mtu mwingine ni kama kuvaa viatu vyake. Mkono unataka kunyoosha pale mchoraji wa kwanza alipopinda kidogo, na unataka kusawazisha nafasi ambazo yeye hakuzisawazisha. Kila mara alijikumbusha kwamba hakuitwa kurekebisha.

Rangi zilikuwa shida nyingine. Picha ilikuwa imepauka, nyekundu imekuwa kama matofali ya zamani. Ukweli ulipatikana pembeni. Kibao kilishikwa juu na chini kwa kanda mbili za chuma zenye skrubu, na chini ya kanda hizo, upana wa kidole kimoja, jua la dirishani halikuwahi kufika. Pale rangi zilikuwa bado na nguvu. Fundi alichukua vipimo vyake hapo, kwenye ukingo ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuuona.

Kisha ikaja ile kona iliyovunjika. Vipande vyake vilikuwa vimepotea, na pale palikuwa na sehemu ya mchoro na maandishi madogo. Fundi angeweza kubuni. Kwa mkono wake na uzoefu wake, angetengeneza kona ambayo watu tisini na tisa kati ya mia wasingeitilia shaka. Mzee mwenyewe alimwambia, "Jaza tu, nani atajua?" Fundi alijibu kwamba yeye ndiye atakayejua. Walikaa wiki mbili bila kuchapa chochote, mpaka mzee akampata mtu wa jimbo jingine mwenye mashine ya namna hiyohiyo, ambaye alikubali kuisoma kona yake kwa skana, na rula pembeni. Ilipofika, ilionekana kwamba kona ambayo fundi angeibuni isingefanana hata kidogo na ile ya kweli.

Jaribio la kwanza la kuchapa liliharibika. Programu ya mashine ilikuwa imewekwa ipunguze picha ili itoshe ndani ya karatasi, ikaipunguza kwa asilimia 3. Kwa macho huoni. Ukiiweka kwenye kabati, kila upande kunabaki ufa wa karibu sentimita moja ambao mwanga unapenya. Tangu siku hiyo fundi huchapa kwanza mstari mmoja wa sentimita 50 na kuupima kwa rula kabla ya kazi yoyote ya vipimo.

Jaribio la pili lilionekana zuri juu ya meza na baya mbele ya taa. Hapo ndipo wengi hushindwa. Picha ya kutazamwa kwa mwanga wa mbele na picha ya kupitiwa na mwanga wa nyuma ni vitu viwili. Wino uliotosha mchana unakuwa mwepesi kama chai ya tatu mara taa inapowashwa: nyekundu inakuwa ya waridi, na nyeusi inakuwa kijivu yenye vitundu vidogo kama nyota. Fundi alichapa kwenye plastiki maalumu inayopitisha mwanga kwa usawa, akaongeza wino mara mbili, na sehemu nyeusi akazichapa tena upande wa nyuma kwa picha iliyogeuzwa, ili nyeusi ikutane na nyeusi bila kupishana. Alipima kila jaribio mbele ya neoni ileile ya wati 15 iliyotolewa kwenye mashine ya mzee, kwa sababu taa ya meza ingemdanganya. Mwisho aliibana plastiki hiyo kati ya vipande viwili vya pleksi safi, jumla ya unene ukaingia katika kanda za chuma bila kulazimisha.

Fundi alimshauri mzee aweke taa za LED, kwa sababu hazitoi joto jingi na hazipaushi rangi haraka. Mzee alikataa. Neoni hupepesa mara mbili tatu kabla ya kushika, na hicho ndicho alichotaka watoto wa kaka yake wakione. Walikubaliana kuivalisha neoni mfuko wa plastiki unaozuia miali inayokula rangi. Nyuma ya kibao, chini, pana maandishi madogo yanayosema kwamba ni nakala, na mwaka. Kibao cha asili mzee alikifunga tena kwa lile taulo na kukiweka ndani ya kabati la mashine yenyewe, ili kisitengane nayo.

Alilipa karakana bei waliyopatana. Siku chache baada ya kumbukumbu, alirudi akampa fundi dola 60 mkononi, akasema ni kwa ajili ya zile wiki mbili za kusubiri kona.

Dola hizo 60 ndizo zilizoleta mjadala nyumbani.

Baba wa fundi alirudi Baraka. Wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005, na mzee alikuwa miongoni mwa wasiotaka kusikia habari za Marekani. Alisema mtu hafundishwi upya kuamka akiwa na umri wake. Alifungua tena kibanda cha baiskeli, mbali kidogo na kile cha zamani, na hakuwahi kuweka kibao. Watoto wake walipomuuliza sababu alijibu kwamba kibao chake kilikuwapo. Kilikuwa cha bati, kilichochorwa kwa mkono miaka ya themanini, na familia ilipokimbia kilibaki kimening'inia. Waliporudi hapakuwa na kibao wala kibanda.

Kimebaki katika picha moja tu. Shangazi yao alipigwa picha siku ya ubatizo wa mtoto, amesimama mbele ya kibanda, na kichwa chake kimefunika nusu ya maandishi. Picha hiyo ilisafiri Nyarugusu ndani ya Biblia.

Fundi alimwambia mke wake kwamba anataka kukitengeneza upya kibao cha baba. Mke wake alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Baba watoto, dada yangu analala chini ya hema karibu na Goma na watoto watano. Wewe unataka kutuma bati?" Hakuna jibu la haraka kwa swali kama hilo, naye hakujaribu kulitafuta. Kila familia ya Kongo iliyoko ng'ambo inalijua. Pesa ni moja na mikono iliyonyooshwa ni mingi. Kumbukumbu hailiwi, na mtoto mwenye njaa hawezi kungoja.

Walipatana baada ya siku kadhaa. Dola 40 zilikwenda kwa dada. Zilizobaki 20 zilikuwa za kibao, na zisipotosha kisifanyike. Kwa hiyo fundi hakufikiria kutuma kitu chochote kwa ndege. Angechora Louisville, angetuma faili kwa simu, na kibao kingechapwa Uvira kwenye bache, ile plastiki ngumu ya mabango yenye matundu ya kufungia kamba pembeni. Kazi yake mwenyewe ya jioni haikuwa na bei.

Tatizo lilikuwa lilelile la kona iliyovunjika, ila safari hii ilikuwa nusu ya kibao, na hapakuwa na mtu wa jimbo jingine mwenye kibao kama hicho. Walikuwapo watu tu. Fundi aliamua kuwapigia mmoja mmoja, na kumwomba kila mmoja asizungumze na wengine kwanza. Dada yake mkubwa, aliyeko Bujumbura, alisema maandishi yalikuwa ya bulu juu ya nyeupe. Baba mdogo alisema yalikuwa meusi. Shangazi, yule wa pichani, alikumbuka kwamba palikuwa na gurudumu limechorwa upande wa kushoto, lenye mishale michache kuliko inavyotakiwa, na kwamba watoto walizoea kuihesabu. Jirani wa zamani aliyebaki Nyarugusu alikumbuka gurudumu hilohilo. Kuhusu rangi, picha yenyewe ilikuwa ya rangi zilizogeuka njano, lakini chini ya fremu ya picha, ukingoni, palibaki ukanda mwembamba ambao haukupigwa na mwanga. Kipande cha bati kilichoonekana pale kilikuwa cha bulu. Fundi alikuwa amekwisha kujifunza mahali pa kutazama.

Kisha kulikuwa na neno. Katika nusu iliyoonekana pichani, neno la Kifaransa la matengenezo lilikuwa limeandikwa REPALATION, kwa L. Wote wanne waliopigiwa simu walilikumbuka. Walimu wa shule ya msingi walikuwa wakilicheka, na kijana mmoja wa mtaa alibatizwa jina la Repalasyo kwa sababu alishinda pale kibandani. Fundi alilichora vilevile lilivyokuwa, kwa L, akaona fahari kwamba hakubuni hata herufi moja. Alimtumia baba yake kwa simu ya mjukuu ili aitazame kabla ya kuchapa.

Mzee alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hiyo L ni ya nini?"

Fundi alimweleza kwamba ndivyo kilivyokuwa. Mzee akasema anajua ndivyo kilivyokuwa. Alimlipa mchoraji pesa nzima, mchoraji akakosea, na miaka kumi na zaidi watu walimcheka kwa kosa ambalo si lake. Hakuwa na pesa ya kuchorwa tena. "Mwanangu, sasa umepata mashine ya kuchapa, na unataka kunirudishia kosa?"

Dada wa Bujumbura alikasirika. Alisema kibao bila L si kibao cha nyumbani kwao, ni bango tu la duka lolote. Baba mdogo alimuunga mkono. Mjadala uliendelea kwa ujumbe wa sauti siku tatu, wengine wakicheka, wengine wakilia. Fundi mwenyewe alikuwa upande wa dada. Alikuwa ametoka kutumia wiki mbili kusubiri kona ya picha ya gorila ili asibadilishe chochote, na sasa baba yake anamwambia abadilishe.

Aliyemaliza mjadala ni mke wake, yule aliyepinga tangu mwanzo. Alisema aliyechora ile picha ya gorila hayupo katika ukoo wao wa kuulizwa, na mwenye mashine amekufa, kwa hiyo ni haki kutogusa kitu. Lakini mwenye kibanda yuko hai na ana mdomo. Nani mwingine wa kuulizwa?

Kwa hiyo kuna faili mbili. Ya kwanza ina L, na dada ameichapa kwenye karatasi ya kawaida Bujumbura na kuitia fremu ukutani, pamoja na picha ya shangazi. Ya pili ndiyo iliyochapwa Uvira na kufika Baraka imekunjwa kama mkeka ndani ya gari la abiria. Ina gurudumu upande wa kushoto, lenye mishale michache ileile, kwa sababu mzee alisema gurudumu liachwe, lilikuwa linawafurahisha watoto. Ina R mahali pa L. Na chini ina maneno mawili ambayo hayakuwapo zamani: NA PIKIPIKI. Mzee ndiye aliyeyaomba. Baiskeli zimepungua Baraka, mjukuu wake anatengeneza pikipiki, na mteja wa pikipiki hawezi kujua hivyo kama hakuandikiwa.

Familia nyingi zinazosoma au kusikiliza habari hii zimeacha vibao, vyeti, vitambulisho, picha za harusi. Kuna mambo ambayo fundi huyu anawaomba wenzake wayafanye, na hayahitaji mashine. Karatasi au picha ya zamani ipigwe kivulini mchana, simu ikiwa juu yake moja kwa moja bila kuinama, na rula au kitu chenye kipimo kinachojulikana kikiwa pembeni. Isifutwe kwa maji. Kama ina fremu, ifunguliwe polepole na ukingo uliofichwa upigwe pia, maana huko ndiko rangi ya kweli ilikobaki. Wazee waulizwe mmoja mmoja kabla hawajasikiana, na maneno yao yaandikwe pamoja na tarehe. Pale ambapo hakuna anayekumbuka, paachwe wazi. Nakala zitumwe kwa ndugu wawili wanaoishi miji tofauti, kwa sababu simu huibiwa na nyumba huungua. Na kama mwenye kitu bado yu hai, aonyeshwe kabla ya kuchapa.

Bache ya Baraka imefungwa kwa kamba kwenye nguzo mbili. Upepo wa ziwa ulipasua tundu moja wiki ya kwanza, na mjukuu amelishona kwa waya wa breki.